Maji ya saa nane za usiku: uchambuzi wa kisa cha marafiki wawili wa Ng'ambo

## Kisa na namna kilivyoandikwa

Kisa hiki kinahusu wanawake wawili waliokuwa wakiishi katika nyumba moja ya kupanga, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, ambao urafiki wao wa miaka mitatu ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya ndoo za maji. Nimekiandika kwa ridhaa yao wote wawili, baada ya kila mmoja kusomewa rasimu na kuondoa alichotaka kiondolewe. Majina, mtaa, mwaka na sehemu za kazi vimefichwa, na baadhi ya viwango nimevibadilisha kidogo. Mmoja nitamwita mshonaji na mwengine nitamwita muuguzi, kwa kuwa kazi zao ndizo zilizoamua nani awe macho saa ngapi, na saa hizo ndizo kiini cha jambo lote. Mimi niliingia mwishoni kama mpatanishi, baada ya Idi, kwa kuombwa na mwenye nyumba, mwanamke mtu mzima ambaye wapangaji wake wote humwita Bi Mkubwa.

## Mazingira

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169 kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Karibu nusu ya Wazanzibari wanaishi katika mkoa mmoja, wakiwemo waliohamia kutoka kwengine. Ng'ambo, ambayo jina lake limebaki tangu zama ambazo hori la maji lilikuwa likiitenga na Mji Mkongwe, imejaa nyumba za aina moja: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma uani penye jiko, choo na mfereji mmoja. Nyumba ya kisa hiki ni hiyo hiyo, isipokuwa ina vyumba viwili vilivyoongezwa uani, na hivyo viwili vina mita yao ya TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla. Vyumba hivyo ndivyo walivyopanga mshonaji na muuguzi.

Katika mtaa ule maji ya mfereji yalikuwa hayatoki mchana. Yalikuwa yakija kati ya saa saba na saa kumi za usiku, siku tatu au nne kwa wiki, bila ya siku maalumu, na kwa mkondo mwembamba kiasi cha kuchukua saa nzima na zaidi kujaza pipa moja la lita 200. Anayetaka maji huweka mkeka karibu na mlango wa uani, akasinzia huku sikio likisubiri sauti ya mfereji unaokohoa hewa kabla ya maji.

## Marafiki wenyewe

Mshonaji ametoka kijiji kimoja cha Kaskazini Unguja. Muuguzi ametoka Pemba. Walijuana kwa sababu ya sare: muuguzi alipeleka kitambaa cheupe kishonwe, kikakatwa vibaya, na mshonaji akanunua chengine kwa fedha zake bila ya kuulizwa. Muuguzi alinambia kwamba tangu siku hiyo alimwamini. Chumba cha pili cha uani kilipokuwa wazi, mshonaji ndiye aliyemwita ahamie. Waliitana "shoga", yaani rafiki, kama waitanavyo wanawake wa kwetu, walipika pamoja siku za mapumziko, na mmoja akiumwa mwengine alilala chumbani kwake.

Katika miaka hiyo mitatu hawakuwahi kupatana lolote kwa mdomo kuhusu maji na umeme. Mambo yalijipanga yenyewe. Muuguzi, ambaye mara nyingi alikuwa zamu ya usiku na alikuwa na mshahara wa kila mwezi, ndiye aliyenunua umeme kwa simu yake, ijapokuwa cherehani ya mota na pasi za mwenzake ndizo zilizokula yuniti nyingi. Mshonaji, ambaye usiku huwa nyumbani, ndiye aliyekinga maji na kujaza mapipa mawili waliyoyachangia. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anafanya kitu. Hakuna aliyejua kitu hicho kinamgharimu mwenzake kiasi gani.

## Mfuatano wa matukio

Katikati ya mwezi wa Shaaban mama yake muuguzi alikuja kutoka Pemba kwa matibabu ya kidonda cha mguu. Alikaa chumbani kwa binti yake. Mshonaji alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwita mama, akampigia pasi mabuibui yake na kukaa naye mchana wakati binti amelala baada ya zamu. Lakini kidonda kinahitaji kuoshwa, vitambaa na mashuka yanahitaji kufuliwa, na mtu mzima anahitaji maji ya moto ya kuoga asubuhi na jioni. Mapipa mawili yaliyokuwa yakitosha siku tatu sasa yalikuwa yanakwisha siku moja na nusu. Mshonaji, aliyekuwa akikesha usiku mmoja katika mitatu, akawa anakesha karibu kila usiku. Hakusema neno. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa swali: "Nitamwambia nini mtu juu ya mamake?"

Mwishoni mwa Shaaban, usiku mmoja, usingizi ulimshinda. Muuguzi alirejea alfajiri kutoka kazini, baada ya kusubiri daladala kwa muda mrefu, akakuta mapipa makavu na mama yake hajaoga. Naye hakusema neno. Alinunua madumu manne ya maji kwa muuzaji wa mkokoteni, akayabeba mwenyewe kupita mbele ya mlango wa mwenzake. Mshonaji aliamshwa na kishindo cha madumu, akaelewa kwamba anaambiwa jambo. Muuguzi alinihakikishia kwamba hakukusudia kumwambia mtu chochote. Alikuwa amechoka na madumu yalikuwa mazito.

Kumi la mwanzo la Ramadhani ndilo lililoleta tukio la pili. Maagizo ya nguo za skukuu yalikuwa yameshaanza kuingia. Usiku wa saa tano, mshonaji akiwa katikati ya kazi aliyoiahidi kwa asubuhi yake, umeme ulikwisha kwenye mita. Alimpigia simu muuguzi, ambaye alikuwa kazini na simu yake imo kabatini. Hakupokea. Kilichotokea kwa kweli ni kwamba dawa za mama zilikuwa zimekula fedha za mwezi, na muuguzi alikuwa ameona aibu kuomba mchango wa umeme kwa mtu ambaye hakuwahi kumwomba mchango. Mshonaji aliunganisha umeme uliokwisha na mapipa yaliyokauka, akahitimisha kwamba amelipiziwa. Mteja alikuja asubuhi, nguo haikuwa tayari, akachukua kitambaa chake na kuondoka nacho.

Baada ya hapo ugomvi ulihamia katika lugha isiyokuwa na maneno, na kwetu lugha hiyo ina msamiati mpana. Katika kumi la kati muuguzi alipeleka bakuli la tambi za sukari wakati wa futari kama desturi yao. Bakuli lilirudi siku ya pili limeoshwa vizuri, tupu, bila ya kitu cha kurudishia wema. Msomaji aliyekulia visiwani hahitaji kuelezwa uzito wa bakuli tupu ndani ya Ramadhani. Siku mbili baadaye mshonaji alianika uani kanga yenye jina "Tenda wema wende zako". Muuguzi aliisoma asubuhi, akaisoma tena jioni, akaona kwamba ameandikiwa yeye. Mshonaji alinieleza kwamba kanga ile alipewa harusini miezi mingi nyuma na kwamba siku hiyo ndiyo iliyokuwa safi. Nilimuuliza kama angeianika mahali pale pale zamani, walipokuwa wanapatana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba pengine angeianika nyuma, upande wa ukuta. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa mwanzo ulikuwa wa Bi Mkubwa. Aliwaita wote wawili ukumbini baada ya tarawehe, akawaambia kwamba kumi la msamaha haliwezi kupita nyumbani kwake watu wamenuniana, na akawataka wapeane mikono. Wakapeana. Kila mmoja akasema "yamekwisha", na Bi Mkubwa akaenda kulala akiwa ameridhika. Sababu yake ilikuwa nzuri: aliogopa kwamba maneno yakianza kutolewa ndani ya mwezi ule yatatoka mabaya ambayo hayatarudi. Lakini hakuna aliyeulizwa kilichomkera, na kwa kuwa sasa walikuwa wamesema mbele ya mtu mzima kwamba yamekwisha, ikawa vigumu zaidi kuliko kabla kukiri kwamba hayajesha.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa muuguzi. Katika kumi la mwisho alinunua daftari, akalitundika kwa uzi karibu na mapipa, ili kila mmoja aandike alichotoa: umeme wa shilingi ngapi, maji madumu mangapi. Kazini kwake kila kitu huandikwa, na aliona kwamba kinachoandikwa hakina ugomvi. Daftari lilidumu siku tisa. Mshonaji alinionesha ukurasa wake. Upande wa muuguzi kulikuwa na tarakimu safi za fedha. Upande wa mshonaji kulikuwa na maneno "pipa 1", "pipa 2", "pipa 1", na mahali pamoja, kwa kalamu iliyokandamizwa, "sikulala". Hakuna safu ya daftari iliyokuwa na nafasi ya neno hilo. Siku ya tisa uzi ulikatwa, na hadi leo hakuna aliyekubali kwamba ni yeye aliyeukata.

Mimi nilianza kwa kosa. Siku ya kwanza niliwauliza, kila mmoja peke yake, wanadaiana nini. Nilipata orodha mbili za fedha na hisia kwamba jambo ni dogo. Siku ya pili niliacha kuuliza ugomvi, nikamtaka kila mmoja anisimulie siku yake moja ya kawaida, kuanzia anapofumbua macho mpaka anapofumba. Hapo ndipo saa nane za usiku zilipojitokeza. Mshonaji alikuwa akiamka saa saba na nusu, akirejea kitandani saa kumi na robo, akiamka tena kwa sala ya alfajiri, na saa mbili asubuhi akiwa mbele ya cherehani. Alisimulia hayo bila ya kulalamika, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni Darajani. Muuguzi nilimwuliza baadaye anadhani mapipa hujazwa saa ngapi. Alijibu kwamba anadhani mwenzake hufungua mfereji kabla ya kulala, akaweka bomba la mpira ndani ya pipa, na maji yakijaa hufunga. Miaka mitatu alikuwa akiamini hivyo, kwa sababu maji yanapotoka yeye huwa wodini.

Nilipendekeza wakutane uani baada ya alasiri, si barazani ambako wapita njia husimama kusalimia, na Bi Mkubwa awepo kama msikilizaji tu. Nilimwomba kila mmoja asimulie siku ile ile aliyonisimulia mimi, bila ya kumtaja mwenzake. Mshonaji alipofika kwenye mkeka wa mlangoni, muuguzi alimkatiza: "Kila siku?" Akajibiwa: "Kila yanapokuja." Muuguzi alilia. Naye aliposimulia kwamba alikaa siku nne akipanga namna ya kuomba elfu kumi za umeme, kisha akashindwa, ilikuwa zamu ya mshonaji kuinamisha kichwa.

Ndipo Bi Mkubwa, ambaye alikuwa ameahidi kusikiliza tu, akakumbuka jambo lililotufaa kuliko yote niliyoyaandaa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu bila ya umeme unaoletwa kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, pampu nyingi za visima hazikufanya kazi na maji yakawa adimu mji mzima. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji saba. Waliweka zamu ya kufuata maji kwa majina, ikatajwa kila Ijumaa mbele ya wote, na asiyeweza kwenda alimtafuta wa kumwakilisha akampa chochote. Umeme uliporejea, zamu ikafa, kwa kuwa kila mtu aliona kwamba shida imeondoka.

Maafikiano yalijengwa juu ya kumbukumbu hiyo. Kijana mmoja wa chumba cha mbele, ambaye huchelewa kulala kwa hali yoyote, atakinga maji kwa ujira watakaochangia sawa. Usiku ambao hayupo, muuguzi ndiye atakayekesha ikiwa ana mapumziko, na mshonaji ikiwa mwenzake yuko kazini. Umeme utanunuliwa kwa wiki, na mshonaji atalipa sehemu mbili kati ya tatu wakati wa maagizo mengi, kwa ombi lake mwenyewe. Nilishauri pia mama aelezwe kwa upole hali ya maji. Muuguzi alikataa kabisa, na mshonaji akamuunga mkono kwa nguvu zaidi yake. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana kwa sauti moja baada ya wiki nyingi, nami nikaliacha.

## Matokeo

Maafikiano yalishika kwa muda wa miezi miwili na kidogo. Mama alipona, akarudi Pemba. Kijana wa chumba cha mbele akapata kazi katika hoteli ya Kaskazini na kuhama, na baada yake haukupatikana mpango madhubuti. Mshonaji akarejea mlangoni, safari hii akijulikana kwamba yuko mlangoni. Mwaka uliofuata muuguzi alipata chumba karibu na kazi yake, chenye tangi, akahama. Watu wa mtaa walisema kwamba wamegombana. Hawakugombana. Mshonaji ndiye aliyemshonea mapazia ya chumba kipya, na Ramadhani iliyofuata mabakuli yalivuka mji kwa daladala, yakirudi yana kitu.

## Uchambuzi

Tatizo la kisa hiki lilianza nje ya nyumba, katika mfereji usiotoka mchana. Wawili hawa hawakuwa na uwezo juu ya mfereji. Kero ambayo mtu hawezi kumfikishia aliyeisababisha hubaki ikizunguka ndani ya nyumba mpaka impate aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ndiye mpendwa. Hata hivyo nyumba nyingi za Ng'ambo zina kero hiyo hiyo na urafiki haufi, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi.

Naona sababu ya karibu zaidi ni kwamba kazi ilikuwa haionekani. Mshonaji amekulia kijijini ambako maji hutekwa kisimani mchana, mbele ya watu. Anayechota huonekana akichota, mgongo unaomuuma huonekana, na asiyechota naye huonekana. Hakuna anayehitaji kudai shukrani, kwa kuwa kijiji kizima ni shahidi. Mjini kazi ile ile hufanywa gizani na mtu mmoja, huku mwenzake yuko kazini upande wa pili wa mji. Alikuja mjini akiwa na mazoea ya mahali ambapo wema hujisema wenyewe, na wema wake ukakaa miaka mitatu bila ya msemaji. Kwa muuguzi ilikuwa vivyo hivyo: umeme wa kununua kwa simu hauna sauti wala jasho, taa huwaka tu.

Juu ya hayo ipo muhali, yaani kuona haya kumwambia mtu jambo litakalomuudhi. Sisi tunaoneana muhali, na siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba tungekuwa bora bila ya tabia hiyo. Ni kweli kwamba muhali imeficha maovu makubwa visiwani, mengine ya jinai, na huko sina utetezi wowote. Lakini katika nyumba hii muhali ndiyo iliyomfanya mshonaji amkirimu mama wa mwenzake kwa mwezi na zaidi bila ya kumfanya ajione mzigo, na ndiyo iliyomzuia muuguzi kutoa neno alfajiri ile, akiwa na hasira na madumu mikononi. Iliharibu pale ilipotumika kwa jambo linalojirudia kila siku. Jambo la mara moja unaweza kulimeza likapita. La kila usiku unalimeza leo juu ya la jana, na kwa kuwa ulimi umefungwa, bakuli na kanga vinasema badala yake, tena vinasema zaidi ya ulichokusudia.

Upatanishi wa Bi Mkubwa ulishindwa kwa sababu ulianza na msamaha, na msamaha unahitaji kujua kinachosamehewa. Daftari lilishindwa kwa sababu nyengine: lilihesabu kinachohesabika, likaacha usingizi. Sina hakika kwamba usingizi ungeweza kuhesabiwa kwa njia yoyote. Kilichosaidia ni kusimuliwa, na kusimuliwa bila ya kumlenga mtu, ili msikilizaji awe na nafasi ya kuuliza "kila siku?" kwa hiari yake. Kuwepo kwa mtu mzima asiyehukumu nako kulisaidia, hasa alipoleta mfano wa zamu ambao nyumba ile ile iliwahi kuufuata. Ushauri wangu wa kwenye karatasi ungepokewa kama wa mgeni. Zamu ya 2009 ilikuwa yao.

Udhaifu wa maafikiano yenyewe ni kwamba yaliegemea kijana mmoja. Ningefanya tena, ningewataka wapangaji wote waingie katika zamu, kama zamani, hata kama ingechukua vikao vitatu zaidi.

Kuhusu mama, bado nafikiri. Mshonaji alinipigia simu muuguzi alipokuwa ameshahama, akanieleza kwamba alikwenda Pemba kumtembelea, na bibi yule alimchukua kisimani, akachota ndoo mwenyewe kwa mguu wake uliopona, akamtilia maji ya kuoga, akasema: "Haya ni yale ya usiku, mwanangu."